Nani Alimtia Binti Huyu Walakini?

Katika aya ya 5 ya sura ya kwanza ya Wimbo Ulio Bora, binti asiyetajwa jina anawageukia wasichana wa Yerusalemu na kusema habari ya ngozi yake. Kwa Kiebrania anatumia maneno matatu tu: "mweusi", "mimi", "mzuri". Mbele ya neno la tatu imegandishwa herufi moja, vav, kijiti kilichosimama wima chenye kichwa kilichopinda. Kijiti hicho ndicho kinachounganisha weusi wake na uzuri wake, na kwa karibu miaka elfu mbili wafasiri wamevutana juu ya namna kinavyoviunganisha. Wapo walioandika "na". Wapo walioandika "lakini". Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka kuliko zote makanisani, ile ya Tafsiri ya Muungano ya 1952, imesimama upande wa "lakini".

Herufi moja tu, mtu atasema, ina makuu gani? Ukimwambia jirani kwamba mkweo ni mrefu na mpole, umemsifu mara mbili. Ukimwambia ni mrefu lakini mpole, umemtaka jirani akubaliane nawe kwanza juu ya jambo ambalo hujalitamka: kwamba warefu si watu wa upole, na huyu kabahatika. "Lakini" haifanyi kazi mpaka msikilizaji aitie mwenyewe dhana iliyofichwa. Ndivyo ilivyo kwa "mweusi lakini mzuri". Haieleweki mpaka mtu akubali, hata kimoyomoyo, kwamba weusi na uzuri kwa kawaida haviketi mkeka mmoja.

Kiswahili kimeijua nguvu hiyo siku nyingi. Tulichukua kiunganishi cha Kiarabu, wa-lakin, tukakitumia kama kilivyo, halafu tukaenda mbali zaidi: tukakifanya nomino. Leo gari lina walakini, hati ya kiwanja ina walakini, hata posa huweza kuwa na walakini na wazee wakarudi nyumbani wakiguna. Kiunganishi kimekuwa jina la dosari. Na ule mwanzo wake, "wa", ni ndugu wa damu wa vav ya Kiebrania, kwa kuwa lugha hizo mbili ni za ukoo mmoja. Kwa hiyo swali la aya hii linaulizika kwa Kiswahili vizuri kuliko linavyoulizika kwa Kiingereza au Kijerumani: je, binti huyu alijitia walakini mwenyewe, au alitiwa?

Tuanze na herufi yenyewe. Jina vav maana yake ni kulabu. Katika kitabu cha Kutoka, hema ya ibada inapojengwa jangwani, kulabu za dhahabu na za fedha zinazoshika mapazia kwenye nguzo zinaitwa kwa neno hilohilo. Kulabu hushika vitu viwili pamoja, basi. Haielezi vinapatana au vinagombana. Herufi hii ndiyo kiunganishi cha kawaida cha Kiebrania cha kale, nayo hukadiriwa kutokea kama mara 50,000 katika maandiko ya Kiebrania. Katika sura ya kwanza ya Mwanzo, aya 30 kati ya 31 zinaanza nayo. Ni aya ya kwanza peke yake isiyokuwa nayo. Waliotafsiri kwa Kiingereza walipata taabu hapo, wakajaza kurasa kwa "na" baada ya "na". Kiswahili kilikuwa na dawa tayari. Tunasimulia kwa -ka-: akasema, ikawa, akaona, akaita. Katika kusimulia, kazi ya vav imemezwa na kitenzi chetu wala msomaji hajui kwamba kuna kitu kilichotafsiriwa.

Ila vav hufanya kazi nyingine pia. Mungu anapomwambia Adamu kwamba atakula matunda ya miti yote ya bustani, halafu akautenga mti mmoja, kinachotenganisha ruhusa na katazo ni vav, na hakuna mfasiri timamu anayeandika "na" hapo. Kuanzia sura ya 10 ya Mithali, ambako mwana mwenye hekima huwekwa mbele ya mwana mpumbavu na mwenye haki mbele ya mwovu, vav ndiyo inayosimama katikati ya kila jozi. Tafsiri zetu zinaandika "bali", na zinapatia. Wanaodai, kwa hasira inayoeleweka, kwamba Kiebrania kinasema "na" na mengine yote ni ubaguzi, wanafupisha mambo. Kisarufi, "lakini" ina haki yake mahakamani. Hukumu itategemea ushahidi wa shairi lenyewe.

Na shairi lina ushahidi wa kutosha. Mara tu baada ya kutaja rangi yake binti anajifananisha na vitu viwili: hema za Kedari na mapazia ya Sulemani. Kedari ni mwana wa pili wa Ishmaeli katika orodha ya Mwanzo 25, na jina lake lilikuwa la makabila ya wafugaji wa jangwa la kaskazini mwa Arabuni. Hema za wafugaji wa jangwa hilo zilifumwa kwa singa za mbuzi weusi, na Mabedui wameendelea kuzifuma hivyo hadi nyakati zetu. Hata jina Kedari lina herufi za mzizi unaomaanisha kuwa na giza, kwa hiyo Mwebrania akilisikia huona weusi kabla hajaiona hema. Mapazia ya Sulemani ni mambo ya kifalme, ya kitani na rangi za thamani kubwa.

Wa upande wa "lakini" husema: mambo yamejieleza. Weusi umekwenda na hema za Kedari, uzuri umekwenda na mapazia ya Sulemani; kimoja cha jangwani, kingine cha ikulu, na katikati yao kuna bonde. Hoja hiyo si nyepesi. Lakini ina tundu. Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti tu. Alama za irabu ziliongezwa na wasomi wa Kiyahudi kati ya karne ya 7 na ya 10 baada ya Kristo. Konsonanti za jina Sulemani zinaweza kusomwa pia Salma, na tangu karne ya 19 wapo wataalamu, Mjerumani Julius Wellhausen akiwa mmoja wao, waliopendekeza kwamba hapa panatajwa kabila la Kiarabu lililoitwa hivyo. Ikiwa ni kweli, basi hema ni mbili na zote ni nyeusi, hakuna jangwa wala ikulu, na binti anasema jambo moja kwa picha mbili. Napenda usomaji huo, ila siwezi kuutegemea. Tafsiri ya kale ya Kigiriki inasema Sulemani, ya Kilatini inasema Sulemani, na mapokeo ya Wayahudi yanasema Sulemani. Kubadili maandishi kwa sababu yanakuudhi ni mazoea mabaya hata yakileta jibu tamu.

Kuna ushahidi mwingine usiohitaji kubadili irabu yoyote. Neno alilolitumia binti kujieleza, shahor, linarudi katika shairi hilihili, sura ya 5, pale anapomsifu mpenzi wake kuanzia kichwani hadi miguuni. Nywele zake, anasema, ni nyeusi kama kunguru. Hapo hakuna vav ya kubishaniwa, hakuna anayeomba radhi, na hakuna mfasiri katika historia aliyeandika kwamba nywele za kijana yule ni nyeusi lakini nzuri. Weusi ni sifa, umewekwa katikati ya orodha ya sifa pamoja na dhahabu, pembe za ndovu na mierezi ya Lebanoni. Neno ni lilelile, shairi ni lilelile. Kama mshairi aliuona weusi kuwa dosari katika sura ya 1, aliuona kuwa pambo katika sura ya 5, na mtu wa kulieleza hilo ni yule anayeshika "lakini".

Aya ya 6 ndiyo inayotatiza. Hapo binti anawaambia wale wasichana wasimtazametazame kwa kuwa ni mweusi, jua limemchoma. Ndugu zake, "wana wa mama yangu" kwa Kiebrania, yaani wa tumbo moja naye, walimkasirikia wakamweka kulinda mashamba ya mizabibu, na shamba lake mwenyewe hakupata kulilinda. Baba hatajwi. Kitenzi kilichotumiwa kwa jua ni cha ajabu. Kinatokea mara mbili nyingine tu katika Biblia ya Kiebrania, zote katika Ayubu, na kote huko maana yake ni kuona: jicho lililomwona mtu, jicho la ndege lisiloiona njia. Kwa hiyo binti amecheza na maneno. Msinitazame, jua limekwisha kunitazama. Macho yenu yamechelewa.

Mtu anayesema hivyo anajua kwamba rangi yake inasemwa. Huo ndio msingi wa kweli wa "lakini", na wasomi makini wameusimamia. Robert Alter, mmoja wa wafasiri wa Kiebrania wenye sikio zuri kabisa katika kizazi chetu, alipotoa tafsiri yake ya Wimbo 2015 alibaki na "lakini". Ariel Bloch na Chana Bloch miaka 20 nyuma yake waliandika "na". Wote watatu wanakijua Kiebrania. Wanachotofautiana ni sauti wanayoisikia. Alter anamsikia msichana wa shamba anayejitetea mbele ya wasichana wa mjini wenye ngozi iliyokulia kivulini. Akina Bloch wanamsikia msichana anayejisifu.

Mimi namsikia anayejisifu, na sababu yangu ni ile amri ya kutomtazama. Anayejitetea huanza na maelezo; huyu alianza na tamko, akaongeza mifano miwili ya fahari, ndipo akawaambia wengine waondoe macho yao. Walakini upo, sikatai. Upo machoni mwa wasichana wa Yerusalemu. Swali ni kama tumwekee yeye kinywani.

Kabla ya kwenda mbali, neno kwa wale wanaokwenda mbali zaidi yangu. Imekuwa desturi katika mimbari kadhaa kumfanya binti huyu Mhabeshi, au Malkia wa Sheba, au binti wa Farao. Shairi halisemi hivyo. Waebrania waliwafahamu watu wa Kushi na waliwaita kwa jina lao: mke wa Musa katika Hesabu 12 ni Mkushi, Ebedmeleki aliyemtoa Yeremia shimoni ni Mkushi. Huyu wetu anaeleza weusi wake kwa jua na kazi ya shamba, na anaotofautiana nao ni wasichana wa mjini, si wa taifa lingine. Mvutano wake ni wa shamba na ikulu, wa anayelala nje na anayelala kwenye pazia. Kumpa paspoti ya Afrika ni kumnyang'anya jembe lake.

Wala asififishwe. Zipo tafsiri za kisasa zinazosema ameungua kidogo tu na jua, kama mtalii aliyerudi kutoka ufukweni. Kiebrania kinasema shahor, rangi ya kunguru na ya singa za mbuzi. Hapa Tafsiri ya Muungano imefanya jambo la kuvutia ambalo sijaona likizungumzwa: inamwita "mweusi-mweusi". Kwa Kiswahili uradidi wa rangi hupunguza makali. Ukiambiwa kitambaa ni chekundu-chekundu, hutegemei damu. Unategemea rangi inayoelekea huko. Kiebrania nacho kina uradidi kama huo, na katika aya ya 6 binti anautumia: sheharhoret. Wataalamu wamegawanyika kama umbo hilo linapunguza au linaongeza, kwa kuwa katika Walawi 13 umbo kama hilo linahusu madoa yanayoelekea wekundu na kijani, na katika Zaburi ya 68 linahusu mng'ao wa dhahabu, ambao si wa kuelekea-elekea. Lakini hayo ni ya aya ya 6. Katika aya ya 5 neno ni moja, halikurudiwa. Wafasiri wetu walimpunguzia weusi mapema, kabla ya kumwekea "lakini". Ni kama waliona kwamba hata kwa "lakini", weusi mtupu ungekuwa mzito mno.

Sasa tumtafute mshitakiwa. Kwa kawaida anayelaumiwa ni Jerome, ambaye Wakatoliki wetu humwita Mtakatifu Yeronimo. Tafsiri ya Kigiriki iliyomtangulia ilikuwa na "kai", yaani "na". Tafsiri za Kilatini za kale zilizofuata Kigiriki zilikuwa na "et", yaani "na". Jerome akaja, akiwa Bethlehemu ambako alikuwa amehamia 386, akatafsiri moja kwa moja kutoka Kiebrania, na akaandika "sed". Lakini. Ilikuwa 398, alikuwa ametoka kuugua, na katika utangulizi wake anasema kazi ya vitabu vitatu vya Sulemani, Mithali, Mhubiri na Wimbo, aliimaliza kwa siku tatu. Siku tatu! Kamati za tafsiri za leo hutumia muda kama huo kujadili aya mbili na kunywa chai. Tafsiri yake ikawa Biblia ya Ulaya Magharibi kwa zaidi ya miaka elfu. "Sed" ikaimbwa katika nyumba za watawa, Claudio Monteverdi akaitungia muziki katika ibada yake ya jioni ya 1610, na maneno hayo yakahusishwa na sanamu nyeusi za Bikira Maria kama ile ya Montserrat karibu na Barcelona. Martin Luther, asiyekubaliana na Roma kwa mengi, kwa hili alikubaliana. King James ya 1611 pia. Kutoka huko hadi "lakini" yetu ya 1952 ni mwendo wa kufuata nyayo.

Kesi inaonekana imekwisha. Haijaisha, kwa sababu ya mtu aliyekuja kabla ya Jerome, akasoma "na", na akafanya makubwa zaidi.

Origen alizaliwa Alexandria, Misri, na mnamo 240 aliandika ufafanuzi mrefu wa Wimbo, uliotufikia kwa sehemu katika Kilatini cha Rufinus. Kwa Wakristo wa kale, kama ilivyokuwa kwa walimu wa Kiyahudi, shairi hili halikuwa la msichana na mvulana. Lilikuwa la Mungu na watu wake, au la Kristo na Kanisa. Origen alisoma "mweusi na mzuri" na akauliza: huyu mweusi ni nani? Akajibu kwamba ni kanisa la mataifa, lililodharauliwa na mabinti wa Yerusalemu kwa kukosa ukoo wa Ibrahimu. Akawaita mashahidi: mke Mkushi wa Musa, Malkia wa Sheba, Ebedmeleki. Ni kurasa zenye heshima kubwa kwa Waafrika, na ni vigumu kuzisoma bila kufurahi. Kisha akaeleza weusi wenyewe. Weusi wa roho, alisema, ni wa dhambi na uzembe. Uzuri ni wa toba na imani. Binti ni mweusi kwa alikotoka na mzuri kwa anakokwenda.

Na alijua anakokwenda, kwa kuwa Biblia yake ya Kigiriki ilimwonyesha. Katika sura ya 8, aya ya 5, Kiebrania kinauliza ni nani huyu anayepanda kutoka jangwani akimwegemea mpenzi wake. Kigiriki hakina jangwa hapo. Kinauliza ni nani huyu anayepanda akiwa amefanywa mweupe. Namna neno jangwa lilivyogeuka weupe ni fumbo la wataalamu. Lililo wazi ni matokeo yake. Msomaji wa Kigiriki alianza na binti mweusi na mzuri, akamaliza na binti aliyetakaswa rangi. Origen alikishika kifungo hicho kwa mikono miwili: tazama, alikuwa mweusi, sasa amekuwa mweupe. Mji wowote wa pwani yetu una maduka yanayouza tiba hiyo kwenye vikopo, na jina lake tunalijua: mkorogo.

Jerome aliyafahamu hayo yote. Hotuba mbili za Origen juu ya Wimbo alikuwa amezitafsiri yeye mwenyewe alipokuwa Roma. Na alipofika sura ya 8 katika zile siku zake tatu, alikitazama Kiebrania, akaufuta ule weupe wa Kigiriki, akalirudisha jangwa mahali pake. Mtu huyohuyo aliyemtia binti "lakini" katika sura ya kwanza ndiye aliyemwosha mkorogo katika sura ya mwisho. Ndiyo maana siwezi kumweka kizimbani peke yake. Wenye "na" walimtia walakini bila kuandika "lakini" popote. Ilitosha kuuita weusi wake jina la dhambi.

Walimu wa Kiyahudi walikuwa na yao. Katika midrashi ya Wimbo, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, Israeli ni mweusi siku za wiki na mzuri siku ya Sabato. Mweusi mwaka mzima na mzuri Siku ya Upatanisho. Mweusi katika dunia hii na mzuri katika ile ijayo. Kila jozi hapo ni "na" ya zamu: kimoja kinaondoka, kingine kinaingia. Ni tafsiri ya werevu mno, nayo pia haikuvumilia vitu viwili kukaa mwilini mwa mtu mmoja saa moja.

Karne ya 20 ilileta masikio mengine. Marvin Pope katika ufafanuzi wake mnene wa 1977 alichagua "na". Tafsiri ya Kiingereza ya NRSV ya 1989, iliyorithi toleo la 1952 lenye "lakini", ikageuza ikaandika "na". Haikutokea hewani. Katikati ya matoleo hayo mawili Wamarekani weusi walikuwa wamepita mitaani miaka ya 1960 wakitangaza kwamba weusi ni uzuri, na kuna wanaodhani kamati ilisalimu amri kwa siasa. Sidhani. Herufi iliruhusu "na" tangu mwanzo, Kigiriki kiliisoma hivyo kabla Jerome hajazaliwa, na kama ni siasa, "sed" ya Jerome nayo haikuandikwa na malaika.

Kwetu huku suala lina ladha yake. Tuna msamiati mzima wa kupima ngozi za watu: maji ya kunde, mweupe, mweusi ti. Mshenga akisifu binti wa watu hukosi kusikia "ana weusi wake, lakini mzuri". Msomaji anayetoka kwenye maneno hayo akaingia katika Wimbo Ulio Bora haoni ajabu yoyote. Anasikia barazani mwake. Tafsiri nzuri ilipaswa kumgutusha kidogo. Na tanbihi ndogo chini ya ukurasa, ile inayoanza na "Au:", haimgutushi mtu, kwa sababu hakuna anayesoma tanbihi akiwa kwenye harusi.

Tufanyeje basi? "Na" ni sahihi, ila kwa Kiswahili ni baridi: "mweusi na mzuri" inasomeka kama maelezo ya kitambulisho, na binti huyu hakuwa akijaza fomu. Alikuwa na wasikilizaji wanaomkodolea macho. Tunacho kiunganishi kingine, cha mazungumzo ya kila siku, ambacho sijui kwa nini wafasiri wanakiogopa mahali hapa. Ni "tena". Kijana ni msomi, tena mnyenyekevu. Chakula kingi, tena kitamu. "Tena" haipingi kilichotangulia kama "lakini", wala haiviweki vitu viwili sambamba kimyakimya kama "na". Inaongeza, na inajua kwamba kuna mtu anasikiliza ambaye hakutegemea nyongeza. Mweusi, tena mzuri.

Najua pingamizi litakaloletwa mezani: "tena" ina majivuno, inanuka ubishi wa kisimani, haifai Maandiko Matakatifu. Huenda. Lakini msemaji mwenyewe, akiwa na vumbi la mizabibu miguuni, alijilinganisha na mapazia ya mfalme Sulemani mbele ya mabinti wa mji wa Sulemani, kisha akawaambia waache kumtazama. Katika aya inayofuata hata hajangoja jibu lao. Anamuuliza mpenzi wake mahali anapolipumzisha kundi lake adhuhuri.